Nimetoka kwenye IST nimeingia Mark X (GRX130): ninayoyaona mpaka sasa hapa Unguja

Mleta uzi

Assalaam alaykum wana jukwaa. Wakubwa shikamooni.

Baada ya miaka mingi na Toyota IST, ile ya mwanzo yenye injini ya 1NZ, nimehamia Toyota Mark X. Ni toleo la 250G S Package, chesisi GRX130, ya mwaka 2011, nyeupe, imeshuka bandari ya Malindi ikitokea Japani na sasa imeshapata namba yake ya Z. Nafungua uzi huu kwa sababu nyuzi nyingi za Mark X nilizozisoma kabla ya kununua ni za ndugu zetu wa bara. Wao wanahesabu saa za kufika Dodoma na Mbeya. Mtu wa visiwani akimaliza kusoma anabaki na swali lake lile lile: mimi ninayetoka Kiembesamaki kwenda mjini asubuhi, na mwisho wa wiki naenda shamba Makunduchi kumwangalia mama, gari hii itanifaa nini?

Nianze na msimamo wangu, mwenye kupinga apinge mapema. Raha ya Mark X kwa mtu wa Unguja iko kwenye usukani, kona na breki. Ule mwendo mkubwa unaosifiwa hatuna pa kuutumia. Kisiwa chetu kina urefu wa kama kilomita 85 kutoka ncha hadi ncha, na katikati yake kuna matuta, skuli, gari za ng'ombe, bodaboda na watu wanaorudi shamba jioni. Kwa hiyo anayeitaka gari hii kwa ajili ya mshale wa spidi atapoteza pesa yake, na anayeitaka kwa namna inavyoshika barabara atafurahi kila siku, hata akienda sokoni Mwanakwerekwe.

Sasa nieleze nilichokiona.

Cha kwanza kabisa ni usukani. IST inavuta kwa magurudumu ya mbele, na ni hayo hayo yanayokata kona. Ukikanyaga mafuta huku unakata, unausikia usukani unavutana na wewe. Mark X inasukuma kwa nyuma. Magurudumu ya mbele yana kazi moja tu, kuelekeza gari, na mkono unaijua tofauti hiyo tangu mzunguko wa kwanza barabarani. Usukani umetulia, mzito kiasi, unaitika pale pale. Injini imelazwa kwa urefu, giaboksi iko nyuma yake, kisha propela, ile shafti ya kupeleka nguvu nyuma, inakwenda mpaka kwenye difu, kwa hiyo uzito haukurundikwa wote puani kama kwenye gari zetu ndogo.

Chini kuna jambo jengine ambalo halionekani kwenye picha za mnada wa Japani. Mbele ina mikono miwili ya kushikia gurudumu kila upande, wa juu na wa chini, na nyuma ina mikono mingi midogo. IST mbele ina shokapu iliyosimama yenyewe na mkono mmoja wa chini, na nyuma ina boriti moja inayounganisha magurudumu mawili. Ukipita na IST kwenye lami iliyochimbika upande mmoja, gari nzima inakwambia. Mark X gurudumu moja linaingia shimoni, jengine halina habari. Nilipompakia mama kwa mara ya mwanzo alilala kuanzia Tunguu mpaka Muyuni. Ndani ya IST hakuwahi kulala, alikuwa akishika mpini wa mlango njia nzima.

Injini ni 4GR-FSE, silinda sita za V, cc 2499. Kwa karatasi za Toyota ina nguvu za farasi 203 kwenye mizunguko 6400 kwa dakika, na msukumo wa 243 Nm kwenye mizunguko 4800. Hapo penye 4800 ndipo pa kupaangalia vizuri. Gari hii haikusukumi kwa nguvu ukiwa chini. Ukitoka kwenye taa unapata mwendo laini wa kistaarabu, na kama ulitarajia kubandikwa kwenye kiti utashangaa. Lakini iache injini ipande, ifike mizunguko elfu nne na kuendelea, hapo inabadilika sauti na inachukua. Silinda sita zina ulaini ambao nne hazina. Mtetemo haupo, mlio unapanda kama kitambaa kinachochanwa taratibu.

Tuwe wakweli kwenye hesabu pia. IST yangu ilikuwa na farasi kama 109 na uzito wa zaidi ya tani moja kidogo. Mark X ina farasi 203 lakini uzito wake ni kama tani moja na nusu. Gawa nguvu kwa uzito utaona Mark X inaizidi IST kwa kama robo hivi. Watu wanaangalia 203 dhidi ya 109 wanadhani gari ni mara mbili. Siyo. Anayetaka mwendo wa kweli kwenye ukoo huu atafute GRX133 yenye 3.5, farasi 318, na ajiandae kuilisha.

Breki ndizo zilizonipendeza kuliko injini. Mguu unagusa, gari inakaa chini yote kwa pamoja, pua haizami sana. Njia ya Makunduchi utaipita Jozani, na wote mnaijua ile sehemu ya Pete yenye matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju. Kima wale hawapo popote duniani isipokuwa kwetu, na wanavuka barabara wakati wowote wanaotaka. Kushuka kutoka mwendo wa shamba mpaka mwendo wa kutembea bila ya abiria kuinamishwa, na bila ya nyuma kuyumba, hiyo ndiyo michezo ninayoitaka mimi.

Sasa mabaya, maana uzi wa sifa tupu haumsaidii mnunuzi.

Matairi. Gari ilikuja na matairi ya barafu. Hili liwafikie wote mnaoagiza: Wajapani wa sehemu za baridi huvisha matairi laini ya theluji, na gari ikienda mnadani majira hayo inakuja nayo vile vile. Yanaonekana mapya, kashata zake ni nzito, yana mikato midogo midogo mingi kama ya wembe, na ubavuni yameandikwa STUDLESS. Raba yake imetengenezwa ibaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya kwetu mchana wa kaskazi inalainika kupita kiasi, gari inaelea kwenye kona na breki inarefuka, na mvua ya masika ikianguka juu yake ndio kabisa. Muuzaji hakulitaja hilo. Niliyavua kabla sijaipeleka gari shamba. Gari ilivyobadilika baada ya matairi ya kawaida ni kama nimenunua nyengine, na ndio maana nasema pesa yako ya mwanzo iende hapo, kabla ya redio, kabla ya kioo cheusi, kabla ya kitu chochote.

Mkinunua tairi soma tarakimu nne za mwisho ubavuni. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyokaa dukani kwenye joto miaka mingi ni nzee hata kama haijagusa lami.

Mafuta. Mjini na foleni ya Amani na Darajani napata kama kilomita nane kwa lita, shamba inapanda vizuri. IST ilikuwa inanipa karibu mara mbili. Kila mwezi ZURA, mamlaka yetu inayotangaza bei ya mafuta, wakitoa bei mpya nawasoma kwa makini zaidi kuliko zamani. Ukubwa nao upo. Gari ina urefu wa 4730 mm na upana wa 1795 mm, IST ilikuwa 3855 kwa 1695. Vichochoro vya Ng'ambo nilivyokuwa nikikatiza sasa navizunguka, na kuegesha karibu na Mji Mkongwe kunataka subira.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

---

Mchangiaji, Wete

Wa alaykum salaam. Hongera yakhe, maashaallah gari nzuri, Mungu aijaalie kheri.

Mie niko Pemba na naitamani hiyo gari siku nyingi, lakini wenzangu wananitisha. Wanasema ya kusukuma nyuma haifai huku kwetu, milima na kona, na udongo wetu ukinyesha unateleza kama umemwagiwa mafuta. Nina Carina inanipeleka Chake na kurudi, haina maneno. Msimu wa karafuu napakia na magunia. Jee, nihame au nitulie?

---

Mleta uzi

Ahsante sana yakhe.

Kwenye lami, milima ya Pemba ni rafiki wa gari ya kusukuma nyuma. Gari ikipanda mlima uzito unarudi nyuma, na nyuma ndiko kwenye nguvu, kwa hiyo tairi linashika zaidi. Carina ikipanda mlima mkali na mzigo, puani inakuwa nyepesi, ndio maana unasikia tairi la mbele linalia ukitoka kwa haraka. Chake hadi Wete na zile kona zake, wallahi nakuonea wivu. Barabara za kwetu Unguja zimenyooka mno, gari hii imezaliwa kwa barabara zenu.

Ukiacha lami kuingia kijijini wakati wa mvua, hapo wenzako wana haki. Ukikanyaga kwa pupa kwenye utelezi mkia unatoka. Gari ina VSC, mtambo wa kuizuia isiteleze, unapima gari inavyozunguka, unapunguza moto na kushika breki ya gurudumu moja moja kuirudisha njiani, na ni msaada mkubwa. Usiizime barabarani hata siku moja. Ila ukinasa kwenye tope, mtambo huo huo unakukatia nguvu kila tairi linapozunguka, basi bonyeza kitufe uizime kwa muda, toka taratibu, kisha iwashe tena.

Kuhusu magunia ya karafuu: buti ni kubwa lakini gari iko chini. Ukilijaza, sehemu ya nyuma itagusa matuta. Kama karafuu ndio riziki yako na shamba lako liko mbali na lami, ibakishe Carina na usiiuze kwa tamaa ya Mark X. Hilo nakwambia kama ndugu. Na msimu ule watu wanaanika mikeka ya karafuu kando ya lami, watoto wako pale pale pembeni. Gari yenye nguvu huko inataka mguu mwepesi zaidi.

---

Mchangiaji, Jang'ombe

Bro hiyo S Package ishushe kidogo, weka springi fupi na ekzosi ya wazi, uone itakavyokaa. Rimu za 18 zimejaa vizuri lakini bado iko juu. Mimi nasaka yangu na mpango ndio huo.

---

Mleta uzi

Mdogo wangu, gari ni yako na pesa ni yako, lakini nisikilize kabla hujaigusa.

Hii S Package tayari ni ngumu kidogo kuliko ya kawaida, na tairi lake ni 235/45R18. Ubavu wa tairi hilo una kama 106 mm tu. Ile 250G ya kawaida inakuja na 215/60R16, ubavu wake ni 129 mm. Ukubwa wa tairi zima unakaribiana sana, mshale wa spidi hauhisi tofauti, lakini zile milimita ishirini na tatu za raba ndizo zinazoiokoa rimu unapopiga shimo usiku. Ukiishusha gari unaiondolea na mwendo wa shokapu. Sasa jumlisha: raba nyembamba, shokapu haina pa kwenda, matuta yetu hayana kipimo kimoja. Kitakachopokea kishindo ni bushi, boljointi, na mwisho chesisi yenyewe.

Halafu wahandisi walipanga pembe za mikono ile kwa urefu ule. Ukishusha bila ya kupima upya, tairi linalala, linaliwa ndani, na gari inaanza kuchagua njia yenyewe kwenye kila mfereji wa lami. Utakuwa na gari inayoonekana ya michezo iliyosimama, na inayoendeshwa vibaya kuliko IST.

Mimi ningekuwa na hamu ya kubadilisha kitu ningefuata njia hii: matairi, kisha mafuta ya breki na pedi nzuri, kisha bushi za mbele kama zimechoka, na gari yenye umri huu mara nyingi zimechoka. Baada ya hapo upimaji wa magurudumu. Utashangaa gari inavyokuwa mpya, na hakuna atakayeiona kazi hiyo kwa nje. Kuna wanaochukulia hilo ni hasara. Mimi naona ndio uungwana wa gari hii, inafanya kazi yake bila ya kupiga kelele.

Ekzosi ya wazi, mdogo wangu, sisi tunaishi karibu karibu. Kuna mgonjwa nyumba ya pili, kuna mtoto amelala, kuna watu wako msikitini.

---

Mchangiaji, Bububu

Hongera kaka. Mimi naendesha Vitz, mume wangu anataka tuuze tuchukue Mark X kwa ajili ya familia. Watoto watatu, mmoja bado mdogo. Mimi ndiye nitakayekuwa nayo zaidi barabarani. Naomba unieleze kwa upande wangu: nyuma pana nafasi? Ni ngumu kuendesha? Na ile sauti ya Kijapani inayosema kila ukiwasha gari inaondoka?

---

Mleta uzi

Ahsante dada yangu.

Nafasi ya miguu nyuma ni nzuri, umbali wa gurudumu la mbele hadi la nyuma ni 2850 mm, na IST yangu ilikuwa 2370. Lakini katikati ya sakafu kuna mgongo mrefu ambamo propela inapita. Mtoto wa katikati atakaa miguu huku na huku. Kwa watoto wadogo si tatizo, wakishakua watagombana. Kiti cha mtoto mdogo kifungeni pembeni nyuma, na wote wafunge mikanda, hata wa katikati mkanda wake upo, mara nyingi umezama tu chini ya mto wa kiti, uvuteni mtauona.

Kuendesha si ngumu, ni nyepesi kuliko unavyodhani. Cha kuzoea ni pua. Kwenye Vitz pua inaishia pale unapoiona, hapa kuna mita nzima mbele yako ambayo huioni vizuri ukiwa mfupi. Pandisha kiti juu, kinapanda. Na ukitoka Bububu asubuhi kwenye ile foleni, usiingie kwenye nafasi ndogo kwa mazoea ya Vitz, kwa siku za mwanzo mpishe mwenzako.

Ile sauti mara nyingi inasema kuwa kadi ya malipo ya barabara haijaingizwa. Ni kifaa cha kulipia barabara za Japani, ETC, kwetu hakina kazi, fundi wa umeme wa gari anakichomoa. Redio nayo ya Kijapani inaishia kwenye 90 MHz au zaidi kidogo, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hazishiki. Kuna kifaa kidogo cha kuunga kwenye waya wa antena, au mbadilishe redio nzima. Ramani ni ya Japani, isahauni.

Kama ungeniuliza mimi kwa familia ya watoto watatu ningeangalia na bajeti ya mafuta ya mwezi kabla ya kitu kingine. Kaeni mhesabu pamoja, mkiwa na namba mbele yenu. Vitz inawavumilia sana, na anayejaza tenki kila siku ndiye anayepaswa kusikilizwa zaidi. Kwa unavyosema, huyo ni wewe.

---

Mchangiaji, Mkunazini

Vijana, mimi nimeendesha Mark II GX100 tangu hamjajua kuendesha, na bado ninayo. Silinda sita zilizosimama mstari mmoja, fundi yeyote anaifungua kwa macho yaliyofumba. Hizi V6 za kunyunyizia mafuta ndani naziogopa. Nieleze kijana, imekusumbua nini?

---

Mleta uzi

Shikamoo ami yangu. GX100 yako ni mzazi wa gari hii. Mark II imekwenda vizazi tisa tangu 1968, na Novemba 2004 ndipo Mark X ilipochukua nafasi yake, hii ya kwangu ikafuata Oktoba 2009. Desemba 2019 Toyota wakafunga uzalishaji. Kwa hiyo nakubaliana na wewe kwamba tunashika mwisho wa ukoo, na ndio moja ya sababu zilizonifanya niinunue. Gari ya kawaida ya familia, injini mbele, nguvu nyuma, silinda sita, kwa bei ya mtu wa kati. Hazitengenezwi tena namna hii.

Hofu yako kuhusu injini ina msingi wake. Kwenye GX100 petroli inanyunyiziwa kabla ya valvu, inapita inaziosha. Hii inanyunyizia ndani ya silinda moja kwa moja. Valvu za kuingizia hewa haziguswi na petroli, kwa hiyo moshi wa oili unaorudi unazigandia, masizi yanajenga mwaka hadi mwaka, na mwisho injini inatetemeka ikiwa imesimama na kukosa nguvu. Dawa ni kufungua sehemu ya juu na kuzisafisha kwa mkono. Dawa ya kusafishia inayotiwa kwenye tenki haifiki pale, msidanganyike na chupa hizo. Yangu haijafika huko, inatulia vizuri. Njia ya kuichelewesha ni kubadilisha oili mapema, kutumia oili nzuri ya 5W-30, na mara moja moja kuiacha injini ipande juu barabara ikiwa wazi, isizeeke kwenye foleni tu.

Ujue na oili yenyewe ni lita sita na kitu. IST ilikuwa haifiki nne. Plagi ni sita, koili ni sita. Ukienda dukani na hesabu ya zamani utarudi nyumbani.

Kingine ni wota pampu. Injini hizi za GR zinajulikana kwa kuvuja hapo. Kila nikifungua boneti natazama kama kuna ukungu wa rangi ya waridi au nyeupe karibu na pampu. Kwenye joto letu injini ikichemka mara moja imekwisha. Heri ya taiming yake ni cheni, si mkanda, hatuna tarehe ya kubadilisha.

Na spea zipo, ami. Injini hii hii imo kwenye Crown ya 2.5 na kwenye Lexus IS250. Fundi asiyeijua Mark X atakuwa ameshaiona kwenye Crown.

---

Mchangiaji, Mkunazini

Marahaba kijana. Umejibu vizuri. Na mafuta ya petroli ya kwetu inayakubali? Nilisikia zinataka petroli ya juu.

---

Mleta uzi

Ile ya kwanza, GRX120 ya 2.5, ndiyo iliyotaka petroli ya daraja la juu Japani, na ilikuwa na farasi 215. Kwenye 130 Toyota waliirekebisha itumie ya kawaida ya kwao, nguvu ikashuka ikawa 203. Wanaolalamika kwamba mpya ina farasi pungufu hawajui kwamba farasi kumi na mbili zile zimetufaa sisi. Ndio maana, kati ya mbili hizo, kwa visiwani nachagua 130 bila ya kusita.

---

Mchangiaji, Wete

Nimekuelewa yakhe. Suala la mwisho. Kutu. Huku kila kitu kinaliwa na chumvi. Na giaboksi, kuna jamaa huku gereji walimtilia oili nyekundu ya kawaida, gari ikaanza kugonga ikibadilisha gia.

---

Mleta uzi

Pole kwa jamaa yako. Giaboksi ya gia sita kwenye hii inataka oili inayoitwa WS, ya Toyota au ya kampuni nyengine ila iandikwe WS. Ni nyepesi kuliko zile nyekundu za zamani. Nyekundu zote zinafanana kwa macho, kwa hiyo kaa na fundi umwone anavyofungua chupa, usione haya. Na difu ya nyuma ina oili yake, watu waliotoka kwenye gari za kuvuta mbele wanaisahau kabisa kwa kuwa hawajawahi kuwa nayo. Angalia na raba inayoshika propela katikati, ikichoka utasikia mtikisiko ukianza mwendo.

Kutu ianzie kwenye karatasi ya mnada, kabla hujalipa. S ni kutu, C ni kutu iliyokwishakula chuma, na R mahali pa daraja la ubora maana yake gari imewahi kugongwa ikatengenezwa. Gari za Hokkaido na sehemu za theluji zinamwagiwa chumvi barabarani kila baridi, zinakuja zimeshaanza kuliwa chini, kisha tunazimalizia sisi kwa upepo wa bahari. Omba picha za chini ya gari. Muuzaji akikataa, tafuta nyengine, zipo nyingi.

Ikishafika, ioshe chini kwa maji matamu kila ukitoka pwani, hasa ukiegesha mchangani kule Paje au huko kwenu Vumawimbi. Elekeza maji ndani ya matao ya magurudumu na kwenye vitako vya milango ambapo mchanga unajificha. Matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango yazibue kwa kijiti, yakiziba maji yanakaa ndani na mlango unaoza kuanzia ndani huku rangi ya nje inang'aa. Mimi nimempa fundi aipake dawa ya chini baada ya kuikausha kabisa, jua la siku nzima, maana ukipaka juu ya unyevu umeifungia kutu ndani. Ukipata gari yako, kabla ya meli ya Sealink kuishusha Pemba, nitumie namba ya chesisi na karatasi ya mnada tuisome pamoja.